Uzi: Mlio wa asili wa udi na kanuni, na namna unavyoumba hisia za taarabu

Mleta uzi

Assalaam alaikum, na habari za wakati huu kwa wanajukwaa wote.

Ninaleta hoja inayohusu taarabu ya Unguja, ingawa msingi wake unagusa muziki wowote unaopigwa kwa mkono. Hoja yenyewe ni kwamba hisia za muziki hazipakwi juu ya ala baada ya ala kukamilika, bali huzaliwa na mwili wa ala: mbao zake, ngozi yake, nyuzi zake, na namna mlio wake unavyoanza na unavyokufa. Nimeona mijadala ya taarabu asilia na taarabu ya kisasa ikiishia kwenye mashairi, mipasho na mavazi, na ni mara chache sana mtu kuuliza mlio wenyewe umekuwaje, ilhali kwa maoni yangu hapo ndipo yalipotokea mabadiliko makubwa kuliko yote.

Nianze na udi, ile ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo na shingo fupi. Shingo ya udi ni tupu, haina vile vyuma vinavyoikata shingo ya gitaa vipande vipande, na kwa sababu hiyo kidole cha mpigaji ndicho kinachoamua sauti itakaa wapi hasa. Katika kinanda cha kawaida kila nusu toni, yaani hatua ya kitufe kimoja hadi jirani yake, huhesabiwa kuwa senti 100 (senti ni kipimo cha umbali baina ya sauti mbili), na baina ya kitufe kimoja na jirani yake hakuna kitu. Lakini sauti ya tatu katika maqamu (mpangilio wa sauti) ya Rasti hukaa karibu na senti 350 kutoka sauti ya kwanza, na sauti ya pili katika maqamu ya Bayati hukaa karibu na senti 150, yaani mahali ambapo kinanda hicho hakina kitufe cha kubonyeza. Tena hata hizo 350 na 150 ni makadirio tu, kwa kuwa mpigaji mzoefu huisogeza sauti hiyo juu kidogo wimbo unapopanda na kuiteremsha unaposhuka, na msikilizaji aliyekulia katika muziki huu huusikia msogeo huo kama sehemu ya maana ya wimbo.

Jambo la pili ni uhai mfupi wa mlio. Uzi wa udi ukishapigwa, sauti yake huanza kufifia papo hapo, na mpigaji hana njia ya kuirefusha isipokuwa kuipiga tena. Hapo ndipo ulipopatikana ule mtindo wa kurudisha risha, kile kipande cha kupigia uzi, haraka haraka juu na chini ili sauti ionekane inaendelea, na ule wa kuugusa uzi mnene wa chini katikati ya sentensi ya muziki ili pasibaki pengo. Watu huyaita mapambo, lakini ukweli ni kwamba ala iliyadai. Angalia pia linalompata mwimbaji: kwa kuwa udi hauwezi kushikilia sauti, mwimbaji hulazimika kuishikilia yeye kwa pumzi yake, na fidla, ambayo upinde wake unaweza kuivuta sauti kwa muda mrefu, husimama upande wa mwimbaji na kumfuata. Mgawanyo huo wa kazi haukupangwa na mtunzi yeyote. Ni tabia za ala zilizoupanga.

Kanuni, ile ala bapa ya nyuzi nyingi inayolazwa mbele ya mpigaji, ni habari nyingine kabisa, na kwangu mimi ndiyo ala inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote. Kwa kawaida ina nyuzi 78, zikiwa zimepangwa tatu tatu kwa sauti 26, na daraja linalozibeba nyuzi hizo upande wa kulia halikukalia ubao bali limekalia vipande vya ngozi, aghalabu ya samaki au ya mbuzi. Ngozi ni nyepesi kuliko ubao, kwa hiyo huitikia mpigo upesi sana na kuutupa hewani mlio wenye ncha kali na mng'ao. Nyuzi tatu za sauti moja haziwezi kulingana kwa ukamilifu hata fundi afanye nini, na tofauti ndogo iliyobaki baina yao ndiyo inayoupa mlio wa kanuni ule mtikisiko unaofanya chumba kizima kionekane kimejaa. Mpigaji huvaa pete katika vidole vya shahada vya mikono yote miwili, risha likiwa limebanwa chini ya kila pete, na kwa mkono wa kushoto hugeuza vijichuma vidogo vinavyopandisha au kushusha sauti kwa kiasi cha chini ya nusu toni. Kabla ya vijichuma hivyo kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, wapigaji waliubana uzi kwa ukucha wa kidole gumba ili kuipata robo toni, yaani nusu ya nusu toni.

Sasa ziweke ala hizo pamoja. Katika taarabu ya asili, udi, kanuni, fidla na akodiani hupiga wimbo mmoja kwa wakati mmoja, lakini kila ala huupiga kwa jinsi mwili wake unavyoruhusu: kanuni humwaga sauti nyingi ndogo ndogo, fidla huteleza kutoka sauti hadi sauti, udi huukata wimbo kwa mapigo yaliyo wazi, na akodiani huujaza chini. Msikilizaji hupata wimbo mmoja wenye kingo nyingi. Utamu wa bashrafu, kile kipande cha ala tupu kinachotangulia waimbaji, kwa maoni yangu, umo katika kingo hizo zaidi ya ulivyo katika wimbo wenyewe, kwani ukiupiga wimbo uleule wa bashrafu kwa ala moja utasikika mwepesi mno.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia kinanda kimoja cha umeme kikishika nafasi ya ala zote hizo. Sisemi kwamba kinanda ni ala mbovu. Nasema kwamba mkono mmoja juu ya vitufe vya aina moja huipa kila sauti mwanzo wa aina moja, na kingo zile hupotea hata kama mashine imerekodiwa sauti halisi za fidla na kanuni.

Historia nayo inasaidia kuelewa. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, na mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba na kikundi kidogo cha ala chache. Sikilizeni santuri hizo kwa subira, pamoja na mikwaruzo yake. Upande mmoja wa santuri haukuzidi sana dakika tatu, na vyombo vya kurekodia vya wakati ule havikuchukua sauti za chini sana wala za juu sana, lakini mwanzo wa kila pigo la udi bado unasikika wazi, na sauti ya Siti inaingia katika mapengo ambayo udi umeyaacha. Ningependa kusikia wenzangu wanasemaje, hasa wapigaji.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yenye kina, na naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Mimi ni mpiga kinanda katika bendi ya taarabu ya kisasa na nimeitumikia kazi hii kwa miaka mingi. Shughuli zetu nyingi hufanyika katika kumbi kubwa au uwanjani chini ya turubai, mbele ya kinamama mia kadhaa wanaozungumza, wanaocheza na wanaotunza, na katika mazingira hayo udi usiotiwa umeme hausikiki hata katika safu ya pili. Ukiutia umeme, spika hurudisha sauti na kupiga kelele, kwa sababu tumbo la udi lililo wazi hupokea sauti ya spika na kuirudisha ilikotoka. Kuna na suala la bei, kwa kuwa kanuni nzuri huagizwa kutoka nje na nyuzi zake pia. Zaidi ya hayo, vinanda vya leo vina sehemu ya kurekebisha robo toni, na mpigaji anaweza kuipanga Rasti au Bayati kabla ya wimbo kuanza. Je, hapo hujapewa zile senti 350 unazozililia?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja ya ukumbi naikubali bila masharti. Taarabu ya Unguja ilikuzwa katika vyumba na kumbi ambamo watu walikaa wakasikiliza, na ala zake zilitengenezwa kwa ukubwa wa sauti unaolingana na vyumba hivyo. Mahali palipobadilika, ala ililazimika kubadilika.

Hoja ya robo toni ndiyo ninayotaka tuitazame vizuri. Ni kweli kwamba kinanda kinaweza kupangwa kuipata sauti ile, lakini kikishapangwa huipata palepale kila mara, mwanzo wa wimbo hadi mwisho, ukipanda na ukishuka. Kidole juu ya shingo ya udi hakirudii mahali pamoja mara mbili, na si kwa sababu ya udhaifu wa mpigaji, bali kwa sababu sikio lake linafuata maneno na mwelekeo wa wimbo.

Kuna pia jambo linalojulikana kwa wanaochunguza sauti: ukichukua rekodi ya ala ukakata sehemu ndogo ya mwanzo wa mlio, ile sehemu ya pigo lenyewe, wasikilizaji wengi hushindwa kuitambua ala ni ipi. Maana yake ni kwamba utambulisho wa ala umekaa kwa kiasi kikubwa katika chembe ya sekunde ya kwanza, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mpigaji wa udi huibadilisha kila mara kwa pembe ya risha, kwa nguvu ya kifundo cha mkono, na kwa mahali anapoupiga uzi. Akipiga karibu na daraja hupata milio mingi ya juu na sauti huwa kavu na kali. Akisogea kuelekea katikati ya uzi sauti hulainika na kuwa ya mviringo, kwa sababu milio ya juu inayogawa uzi katika mafungu yanayokutana mahali alipopiga haipati nafasi ya kuamka. Mpigaji mmoja katika ubeti mmoja anaweza kuhama baina ya mahali hapo pawili mara kadhaa. Kinanda kina sauti iliyorekodiwa mahali pamoja.

Hata hivyo niseme wazi kwamba taarabu yenu ina hisia zake za kweli. Besi inayosukuma, sauti kubwa, mdundo usiositasita unaompa mtunzaji muda wa kufika jukwaani na kurudi: hayo nayo yamezaliwa na ala mnazotumia. Ninachokataa ni kusema kwamba ni muziki uleule uliovikwa nguo mpya.

Mchangiaji, Dodoma

Naomba niingie kutoka bara, maana mleta uzi amesema hoja yake inagusa muziki wote na mimi nataka kuipima kwa ala ya kwetu. Kwetu Ugogo tuna ilimba, ambayo Watanzania wengi waliifahamu kupitia kwa mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuishi na kufanya kazi miaka mingi Bagamoyo. Ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Mgeni akiisikia kwa mara ya kwanza huuliza kama imeharibika, kwa sababu kila sauti huambatana na mvumo wa kutetema. Mvumo huo hutengenezwa kwa makusudi: fundi hutoboa tundu katika sanduku na kuliziba kwa utando mwembamba wa buibui, na utando huo hutetema kila chuma kinapopigwa. Utando ukipasuka, mpigaji huona ala imepoteza uhai wake, na hatapiga mbele ya watu mpaka abandike mwingine.

Ninayasema haya kwa sababu neno "ubora wa ala" huwafanya watu wengi wafikirie mlio safi usio na mikwaruzo, wakati kwa Wagogo mlio safi ni mlio usiokamilika. Mvumo ule huiunganisha sauti ya chuma na sauti ya mwanadamu, na waimbaji wetu nao wana namna ya kuikaza koo inayofanana nao.

Nyongeza kuhusu robo toni: upangaji wa sauti za Kigogo hufuata ile milio ya asili inayopatikana ndani ya uzi mmoja, kuanzia wa 4 hadi wa 9 ukihesabu kutoka ule wa chini kabisa. Mlio wa 7 kati ya hiyo upo karibu senti 31 chini ya kitufe cha kinanda kinachoukaribia. Nimesikia kwaya za kanisani zikiimba nyimbo zenye asili ya Kigogo kwa kufuata kinanda, na sauti hiyo ya saba hupandishwa mpaka ikae sawa na kitufe. Wimbo hubaki unatambulika, lakini ule utulivu wa sauti zinazoegemeana hutoweka, na wazee husema tu kwamba vijana wanaimba vizuri ila hawajaufikisha wimbo.

Mleta uzi

Nimefurahi mno kwa mchango huu, na unaniongezea jambo ambalo sikulisema. Mvumo wa utando wa buibui na mtikisiko wa nyuzi tatu za kanuni vina kazi moja: vyote viwili huifanya sauti moja iwe na mwendo ndani yake hata mpigaji akiwa hajafanya kitu. Kiwanda kingeviita kasoro na kuviondoa.

Mchangiaji, Mombasa

Mleta uzi, shikamoo ikiwa umenizidi umri. Huku Mombasa tuna mfano ambao unaunga mkono hoja yako na pia unaisumbua, nao ni tashkota. Ala hii ilibuniwa Japani mwaka 1912, ikafika India, na kutoka huko ikatufikia sisi. Ina nyuzi zinazopigwa kwa mkono mmoja na vitufe vinavyobonyezwa kwa mkono wa pili, mfano wa mashine ya kupiga chapa. Kwa kipimo cha mleta uzi ilipaswa kuwa ala maskini, kwa sababu vitufe vyake vimefungwa mahali pamoja na havitoi robo toni. Lakini msikilizeni Bi Zuhura Swaleh alivyoimba na ala hiyo ikiwa imetiwa umeme. Mlio wake ni wa chuma, mkali na wenye haraka, na umekwenda sambamba na mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani, na nyimbo za arusi kana kwamba ulizaliwa Mji wa Kale. Umaskini wa vitufe ulifidiwa na mkono wa kupiga, kwa kuwa mpigaji hawezi kuteleza kati ya sauti na sauti, kwa hiyo hutafuta hisia zake katika kurudia pigo, katika kulikaza na kulilegeza.

Linganisha na mwimbaji Zein l'Abdin na udi wake, katika mji huohuo na kwa lugha hiyohiyo. Kwake nyimbo ni za taratibu, maneno yana nafasi, na kila sauti ya udi huachwa izame kabla ya nyingine kuja. Wote wawili ni Mombasa kamili. Kwa hiyo mimi nisingeuliza ala ipi ina thamani zaidi. Ningeuliza kama mpigaji ameisikiliza ala yake mpaka akajua inakataa nini.

Mleta uzi

Marahaba. Nakubaliana nawe, na mfano wa tashkota ni mzuri kwa sababu pale mpigaji hakuilazimisha ile ala iwe udi. Masikitiko yangu juu ya kinanda yanahusu pale kinapopewa kazi ya kuwa ala nyingine zote.

Mchangiaji, Pemba

Mimi ni kijana na ninajifunza udi. Maalim, nina fedha za kununua udi wangu wa kwanza, na wauzaji wananionyesha iliyonakshiwa kwa lulu na mifupa, inayopendeza macho. Nitajuaje upi una mlio?

Mleta uzi

Mwanangu, nakshi usiitazame kabisa mpaka uwe umemaliza mengine yote. Kwanza tazama ubao wa uso, kwa kuwa ndio unaotoa sauti. Uwe wa mti laini na mwepesi kama msprusi au mwerezi, nyuzinyuzi zake ziwe zimenyooka na kukaribiana, na unene wake uwe kama milimita mbili tu. Ubao mnene hudumu lakini huukaba mlio. Ukiona uso umepakwa vanishi nzito inayong'aa, ujue kwamba aliyeupaka alitaka kuuza samani, kwani vanishi huongeza uzito mahali ambapo kila gramu inahesabiwa.

Kisha piga uzi mmoja kwa nguvu ya kawaida na usikilize unavyokufa. Katika udi mzuri sauti hushuka polepole na kwa usawa. Katika udi mbaya hudondoka ghafla, au sauti fulani hudumu na jirani yake hukatika. Pita katika sauti zote za nyuzi zote, moja moja, na usiwe na haraka hata muuzaji akinuna. Tazama pia kama shingo imenyooka na kama vigingi vinashika, kwa sababu udi usiokaa katika sauti utakuharibia sikio lako katika miezi ile ambayo sikio linajengwa.

Unapoishi wewe, na ninapoishi mimi, unyevu ni adui mkubwa. Wakati wa masika mbao hunywa maji na kuvimba, gundi hulegea, na wenye kanuni hupata taabu zaidi kwa sababu ngozi hulegea na sauti zote hushuka pamoja. Uweke udi wako ndani ya mfuko wake, mbali na ukuta unaotoa maji na mbali na dirisha linalopigwa na jua, na ulegeze nyuzi kidogo ikiwa hutaupiga kwa muda mrefu.

Mwisho, jifunze bila umeme kwanza. Kipaza sauti hukusaidia kusikika, lakini pia kinakuzuia usijue mkono wako una nguvu kiasi gani na risha lako linagusa uzi mahali gani. Tafuta chumba kidogo chenye mwangwi wa kiasi, upige sauti moja karibu na daraja, kisha sauti hiyohiyo katikati, na uendelee hivyo mpaka uweze kuchagua kabla ya kupiga, bila kungoja usikie ndipo ujue umepiga wapi. Mwalimu wako atakufundisha maqamu, lakini kazi hii ya mahali pa kupiga ni ya kwako na udi wako.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Kijana wa Pemba, ukifika Dar nitafute. Tuna nyimbo mbili za polepole ambazo tangu mwanzo zilihitaji udi, na katika ukumbi mdogo tunaweza kuupa nafasi yake kinanda kikiwa kimenyamaza.